Striped Bass Hangoji Siku Yako ya Mapumziko

Kijana mmoja wa Mombasa anayeishi huku Massachusetts ameniandikia: "Kaka, kila Jumamosi tunatoka na boti mpaka jua linazama, tunarudi mikono mitupu. Wewe unafanyaje?" Ameuliza wakati mzuri, maana juzi alasiri nimempata striped bass wa inchi 29 na bado sijamaliza kujisifu.

Kwa asiyemjua, ni samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi ubavuni. Wengi huzaliwa ghuba ya Chesapeake, na baridi ikiisha hupanda kaskazini kufuata chakula. Kiangazi wapo bandari ya Boston.

Mdogo wangu, wewe unatazama saa, tazama maji. Mimi nimekulia Pangani, bamvua na maji mafu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana na siku yanapojaa na kupwa kidogo, niliyajua kabla ya kujua kusoma. Boston nako maji hujaa na kupwa kwa karibu mita 3, na pale Hull Gut, mlango mwembamba kati ya Hull na kisiwa cha Peddocks, mkondo ni mkali. Samaki huyu hujibanza nyuma ya mwamba angoje mkondo umletee riziki. Maji yakisimama, naye mara nyingi hali chakula. Juzi tulizima mashine, boti ikachukuliwa na maji, chambo vipande vya kibua. Kimya. Maji yalipoanza kupwa tu, shakwe wakaanza kujirusha majini, na mshipi ukaenda mbio hadi ukanichoma vidole.

Gatini kuna mzee aliyewahi kuniuliza kama kwetu kuna bahari. Sikumjibu siku ile. Juzi alikuwepo, nikapita mbele yake na samaki wangu, polepole.

Kabla ya samaki huyo wa inchi 29 nilimwachia mwingine wa inchi 34, na moyo uliniuma. Lakini tangu 2023 mvuvi wa burudani huku anaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, wa kati ya inchi 28 na 31 tu. Samaki hawa wamepungua, na wale wakubwa wengi ni majike, ndio wenye mayai mengi. Halafu kuna ndugu zetu wanaoficha wakubwa chini ya chupa za soda kwenye barafu, kisha wanatuma picha kwenye kundi la WhatsApp! Mnatuaibisha. Watoto wenu watavua nini?

Ukitumia chambo, funga ndoana ya mviringo. Ndiyo sheria, tena humnasa pembeni mwa mdomo, ukimwachia anaishi. Usivute mshipi kwa ghafla, mwache aikaze mwenyewe. Na tazama maji, nasema tena, tazama maji.

Kibali cha kuvua baharini kila mwenye miaka 16 au zaidi awe nacho chake, hata kama boti ni ya shemeji.