Zamu, Tasnifu na Mtoto Nyumbani: Barua za Wasomaji kuhusu Maisha ya Daktari Anayesomea Tiba ya Familia

Safu hii hujibiwa na daktari bingwa wa tiba ya familia anayefanya kazi Mwanza. Barua tatu za toleo hili zinahusu jambo moja, nazo zimefupishwa kwa idhini ya walioziandika.

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa pili wa kusomea ubingwa wa tiba ya familia, na kwa sasa nimepangiwa hospitali moja hapa Mwanza. Ninaishi Nyegezi na mume wangu, mtoto wetu wa miezi 7, na mama mkwe aliyekuja kutoka Ukerewe kunisaidia kulea. Natoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi giza likiwa limeingia. Nikiwa na zamu ya usiku, huunganisha hadi jioni ya siku inayofuata, kwa sababu kliniki ya mchana haina mtu mwingine. Tasnifu yangu imelala tangu nilipojifungua. Mama mkwe hasemi neno, lakini naona kwamba ameanza kuchoka. Kila mtu ananishauri nisawazishe kazi na maisha. Naomba unieleze jambo hilo linafanyikaje kwa mtu mwenye ratiba kama yangu. — Daktari, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Umeandika mambo manne, lakini mimi nitaanza na lile ulilolitaja kwa haraka kuliko yote, yaani kuunganisha zamu ya usiku na kliniki ya mchana, kwa kuwa hilo lisiporekebishwa, ushauri mwingine wowote nitakaokupa utakuwa wa kukuongezea kazi tu.

Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 hulingana na mwenye asilimia 0.10. Sheria yetu ya barabarani haimruhusu dereva aliye na kiwango hicho cha pili kushika usukani, ilhali daktari aliye katika hali hiyo hiyo anaandika dozi ya mtoto wa kilo 6 na hakuna anayemzuia. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha madaktari wa mwaka wa kwanza wa mafunzo waliofanya kazi kwa zamu ndefu za zaidi ya saa 24 na wenzao waliopunguziwa saa, ukakuta kwamba waliobaki katika zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi. Nakutajia takwimu hizi kwa sababu utazihitaji utakapokwenda kuzungumza na idara. Msimamizi akiambiwa kwamba umechoka, atakujibu kwamba hata yeye alichoka enzi zake. Akiambiwa kwamba wagonjwa wa kliniki ya Alhamisi wanahudumiwa na daktari ambaye hajalala tangu Jumatano asubuhi, itambidi akujibu kwa namna nyingine.

Usiende mikono mitupu. Chukua ratiba ya zamu ya mwezi mzima, weka alama kwenye siku zote ambazo kliniki inafuata usiku wa zamu, kisha pendekeza mabadiliko yanayowezekana: kubadilishana siku ya kliniki na mwenzako, au kuhamisha zamu yako ya usiku iangukie siku ambayo kesho yake huna kliniki. Mara nyingi ratiba mbovu haikutungwa na mtu mwenye nia mbaya. Ilinakiliwa kutoka mwezi uliopita, na ule uliopita nao ulinakiliwa kutoka mwingine.

Kuhusu sheria, uwe mwangalifu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 za mapumziko kila wiki; pia inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Lakini wengi wenu mko katika hali mbili kwa pamoja, mwanafunzi wa chuo upande mmoja na mtumishi aliyeruhusiwa kwenda masomoni upande mwingine, na hospitali mnayohudumia huenda si mwajiri wenu. Kabla ya kunukuu vifungu, soma barua yako ya ruhusa ya masomo na kanuni za chuo chako, ujue nani hasa mwenye wajibu huo kwako. Saa za kunyonyesha ningeziomba kwa maandishi wiki hii hii, bila kusubiri suala la zamu limalizike. Siku za zamu ndefu, maziwa unayoyakamua hukaa salama kwenye friji hadi siku nne, na mama mkwe hana haja ya kuogopa kumpa mtoto kwa kikombe safi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni la fani yetu hasa. Daktari wa upasuaji akimaliza kushona, kwa kiasi kikubwa kazi yake na mgonjwa yule imekwisha. Sisi tunafundishwa kumfuatilia mtu kwa miaka, pamoja na watu wa nyumbani kwake. Unamtibu mama mwenye shinikizo la damu anayeanika dagaa Kayenze, unagundua kwamba dawa hazimezi kwa sababu fedha zinakwenda kwa mjukuu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na tangu siku hiyo wote wawili wanakuwa wagonjwa wako. Huo ndio uzuri wa tiba ya familia, lakini pia ndicho chanzo cha madaktari wengi wanafunzi kubaki wodini saa mbili baada ya zamu kuisha, maana kila mmoja anaamini kwamba hakuna mwingine anayemfahamu mgonjwa wake. Dawa yake ni makabidhiano yaliyoandikwa. Kwa kila mgonjwa andika mambo matatu: ni jibu gani la maabara linasubiriwa, lifanyike nini likitoka hivi au vile, na mgonjwa mwenyewe ameelezwa nini. Hilo la tatu husahaulika sana, nalo ndilo linalosababisha upigiwe simu ukiwa umelala. Ukishakabidhi, ondoka. Anayekupokea naye anajifunza, na hatajifunza ukiwa umesimama nyuma ya bega lake.

Nyumbani kwako naona tatizo ni taarifa zaidi kuliko saa. Familia za wavuvi wa dagaa katika ziwa letu zimeishi na kazi ya usiku kwa vizazi vingi, na hazigombani kila wiki kwa sababu hiyo: kila mtu anajua kwamba mbalamwezi ikiwa pevu taa hazivuti dagaa, baba atakuwa nyumbani, na mambo ya ukoo hupangwa kwa siku hizo. Mama mkwe wako ametoka Ukerewe, analielewa hilo kuliko mimi na wewe. Kinachomchosha ni kutojua. Bandika ratiba yako ukutani, mahali anapoweza kuiona, zamu za usiku zikiwa kwa rangi moja na siku zako za kupumzika kwa nyingine, na kila Jumapili ipitieni pamoja, mume wako akiwepo. Halafu umpe na yeye siku yake, ambayo hataulizwa habari za mtoto: aende kanisani au msikitini, avuke kwenda Nansio kuona mji wake, au akae tu. Nasisitiza kwamba siku hiyo ibebwe na mume wako. Katika barua yako yote umemtaja mara moja, tena katika orodha ya wanaoishi nyumbani.

Tasnifu nitaisema kwa ufupi. Usiiandike usiku baada ya kazi. Utakachoandika saa 5 usiku utakifuta Jumamosi. Muombe msimamizi nusu siku moja kwa wiki inayojulikana na idara nzima, na uchague mada inayotokana na wagonjwa unaowaona tayari. Kichocho, shinikizo la damu na kisukari vipo kwenye kila benchi la kliniki zetu za Kanda ya Ziwa, kwa hiyo hapana sababu ya kubuni utafiti utakaokulazimu kusafiri kukusanya takwimu ukiwa na mtoto mchanga.

SWALI: Ndugu Daktari, mimi ni mfanyabiashara wa Kirumba na mke wangu ni daktari anayesomea ubingwa huo huo wa familia. Tangu majirani walipojua, hatupumziki. Wanagonga mlango Jumapili na majibu ya maabara, wanatuma picha za vipele kwenye simu, na mwaloni, kwenye soko la samaki, watu wananisimamisha mimi niwaulizie dawa. Mke wangu hawezi kukataa. Nikiwazuia, je, hatutaonekana tuna majivuno? — Mume wa daktari, Kirumba

JIBU: Ndugu yangu, mtaonekana na majivuno kwa wiki mbili, kisha watazoea. Hata hivyo njia mnayotumia kuwazuia ina uzito wake, kwa sababu mtaani kwetu anayekuja na karatasi ya maabara mkononi mara nyingi amekwisha kukaa foleni tangu asubuhi, amepewa karatasi hiyo bila maelezo, na ana hofu.

Mwelezeni ukweli: daktari asiyekuwa na faili hajui mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, hajampima, na hana mahali pa kuandika alichomshauri. Ushauri wa mlangoni unaonekana kuwa wema, lakini ukikosewa unamuumiza mgonjwa, na mke wako aliye bado mafunzoni hana msimamizi wa kumuuliza akiwa sebuleni. Kwa hiyo mtajieni siku na mahali pa kliniki yake, na mwambieni aje na dawa zake zote ndani ya mfuko. Hilo si kumkataa.

Dharura ni habari nyingine, na ningependa wewe mwenyewe uzijue: mtoto anayedegedeka au aliyeshindwa kunyonya, mjamzito anayetokwa na damu, mtu mwenye maumivu makali ya kifua, aliyepooza upande mmoja ghafla, au anayepumua kwa shida. Hao wasisubiri mke wako avae viatu, bali mwisaidie familia ipate usafiri wa hospitali mara moja. Kuhusu wanaokusimamisha mwaloni, jibu lako liwe fupi, kwamba wewe unajua bei ya sato na sangara, dawa hujui. Na simu yake ya kazi izimwe anapolala baada ya zamu; kama hana laini ya pili, anunue.

SWALI: Daktari, nimemaliza mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo na sasa nahudumu katika kituo cha afya wilayani Sengerema. Nataka kuomba kusomea tiba ya familia, kwa sababu wenzangu wanasema ndio ubingwa wa watu wanaopenda kulala nyumbani kwao. Je, ni kweli? Nina mke na watoto wawili. — Daktari kijana, Sengerema

JIBU: Wenzako wanazungumzia maisha ya baada ya kuhitimu, tena ya yule aliyepata kliniki ya mchana. Mafunzo yenyewe hayako hivyo. Kwa kuwa daktari wa familia anatakiwa kumhudumia mtoto, mjamzito, mzee na mgonjwa wa akili, mwanafunzi huzungushwa idara moja baada ya nyingine, na kila anapoingia hupewa zamu za idara hiyo kama wenyeji wake. Ukizoea ratiba ya watoto, unahamishiwa uzazi. Kwa mtazamo wangu uchovu mkubwa wa mafunzo haya unatokana na kuwa mgeni mara kwa mara kuliko wingi wa saa.

Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Dar es Salaam ndicho kilichoanzisha mafunzo haya mwaka 2004, nayo huchukua miaka minne. Uingereza ni miaka mitatu baada ya miaka miwili ya mafunzo ya msingi ya daktari aliyehitimu chuo, sehemu wakiwa hospitalini na sehemu kwenye kliniki za mitaani, na mwenye sababu ya malezi anaweza kuomba kusoma kwa saa pungufu, ingawa muda wa kuhitimu unarefuka. Marekani pia ni miaka mitatu, na saa za kazi zimewekewa ukomo wa 80 kwa wiki, zikihesabiwa kwa wastani wa wiki nne. Ukiona saa 80 zinaitwa ukomo, utaelewa kwamba hakuna nchi iliyoufanya ubingwa huu kuwa wa kulala nyumbani.

Usiache kuomba kwa sababu hiyo. Ukiwa kituo cha afya Sengerema tayari unafanya sehemu kubwa ya kazi ya daktari wa familia, bila kuwa na wa kukuelekeza. Unamtibu mvuvi kichocho kwa praziquantel ukijua kwamba kesho ataingia majini tena, kwa sababu ndiko anakopata mlo wa watoto wake. Kama wagonjwa wa namna hiyo, wanaorudi na shida zilizofungamana na maisha yao, wanakuvutia badala ya kukukera, fani hii ni yako.

Ila kabla ya kujaza fomu, kaa na mke wako mjibu suala la Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza, na miaka minne inatosha mtoto wa chekechea kufika darasa la tatu au la nne. Mkihama wote, kodi ya nyumba na shule vitapanda huku wewe ukiwa hupo nyumbani usiku mwingi, na yeye hana ndugu wa karibu. Wakibaki Sengerema, wana ukoo wa kuwashika mkono, lakini utakuwa baba wa likizo. Nimeona familia zilizofaulu kwa njia zote mbili. Zilizopata taabu zaidi ni zile ambazo mume aliamua kwanza na kutoa taarifa baadaye. Halafu umuulize mwajiri wako kwa maandishi kama utapewa ruhusa ya masomo pamoja na mshahara, na nani atalipa ada, kwa maana majibu ya barua hiyo yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko majibu ya chuo.