Kidonda sugu cha mguu: anza na bendeji, si dawa ya kupaka

Muuguzi mgeni kwenye chumba cha vidonda huuliza kwanza, "Nipake nini?" Kwa kidonda kinachotokana na vena mbovu (mishipa inayorudisha damu moyoni), kupaka si mwanzo. Kidonda hiki hukaa zaidi juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Kingo zake zimepindapinda, ngozi ya pembeni imegeuka kahawia na kukakamaa, na maji hutoka mengi. Vali za vena zimeshindwa kuzuia damu isirudi chini, presha imepanda humo, majimaji yakavujia kwenye nyama. Presha hiyo isipopunguzwa, dawa yoyote utaipaka bure.

Kinachoponya ni kuubana mguu. Lakini usibane kabla ya kupima ateri, mishipa inayoleta damu mguuni! Mlaze mgonjwa apumzike dakika 10, pima kwa dopla (kifaa cha kusikiliza damu ikipita) presha ya kifundoni na ya mkononi, kisha gawa ya kifundoni kwa ya mkononi. Ukipata kati ya 0.8 na 1.3, unaweza kubana kikamilifu. Chini ya 0.8, mwone kwanza mtaalamu wa mishipa. Chini ya 0.5, usibane, mpe rufaa ya haraka. Kwa mwenye kisukari, ateri zilizokakamaa hutoa namba kubwa ya uongo, kwa hiyo tazama pia vidole na rangi yake.

Osha mguu mzima kwa maji safi ya uvuguvugu, toa magamba, paka mafuta yasiyo na manukato kwenye ngozi kavu, kwani ngozi hii hupata mzio upesi. Kidonda kifunike kwa kitu kisichonata. Antibayotiki ziache mpaka uone wekundu unaosambaa, joto, maumivu yanayozidi au homa. Harufu peke yake haitoshi.

Sasa bendeji, na hapa usiwe na haraka. Wayo uwe umesimama nyuzi 90 na mguu. Tandika pamba kwanza, na uongeze kwenye mfupa wa ugoko, vifundoni na kwenye kano ya nyuma ya kisigino, maana hapo ndipo bendeji hukata ngozi. Anzia pale vidole vinapoanzia, funika kisigino chote, panda hadi chini kidogo ya goti. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na mvuto uwe uleule mwanzo hadi mwisho. Lengo ni takriban milimita 40 za zebaki kifundoni. Penye wembamba hubanwa zaidi, hivyo mvuto sawa huleta wenyewe mgandamizo unaopungua kwenda juu. Ukivuta zaidi kwenye shavu la mguu umegeuza mambo: wayo utavimba. Kisigino kilichoachwa wazi nacho huvimba.

Mwambie mgonjwa waziwazi: vidole vikiwa baridi, vya bluu au vyenye ganzi, afungue mara moja, hata usiku wa manane. Atembee, ainue visigino mara nyingi kwa siku, na akipumzika miguu iwe juu ya usawa wa moyo.

Pima urefu na upana wa kidonda kila wiki, uandike. Kisipopungua ndani ya wiki 4, rudia kuchunguza ateri na ufungaji wako. Wiki 12 zikipita bila nafuu, kitolewe kinyama kipimwe saratani. Mpeleke mapema pia kwa daktari wa mishipa, maana kuziba vena mbovu zilizo karibu na ngozi huharakisha kupona.

Kikifunga, vena bado ni zilezile. Avae soksi za kubana kila siku, azivae asubuhi kabla mguu haujavimba, na zibadilishwe kila miezi 3 hadi 6 kwa sababu hulegea.