Mwali wa njano na masizi kwenye sufuria
Dada yangu, umeuliza kwa nini jiko lako la gesi, lililozoea kuwaka buluu, sasa linawaka njano na kuzipaka sufuria masizi. Hewa haitoshi. Kila molekuli ya propani, mojawapo ya gesi za mtungini, huhitaji molekuli 5 za oksijeni ili iungue yote. Zikipungua, chembe za kaboni hung'aa njano motoni kisha hutua chini ya sufuria, na pamoja nazo huweza kutoka kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Tafadhali fungua madirisha, funga mtungi, na kichomeo kikishapoa uzibue matundu yake kwa brashi kavu, hasa lile la kuingizia hewa, ambamo buibui hutanda utando. Mwali ukibaki wa njano, usipike, mwite fundi.