Jina la Mjomba

Kitangari, Newala

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako umenikuta shambani napuliza salfa, dawa ya mikorosho, macho mekundu, miwani imejaa vumbi la njano. Unauliza: ukitema mate kwenye kichupa hapo Leicester, Uingereza, ukayapeleka maabara yapimwe vinasaba, utawapata akina Mchopa wenzako waliotawanyika? Na huyo mtoto unayemtarajia aandikwe Mchopa au vingine?

Nianze na la mate, ndilo jepesi. Jina la Mwingereza hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kwa wengi wao ni hivyo tangu karne ya 14. Kromosomu Y, fungu la vinasaba walilo nalo wanaume tu, nayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Vinapita njia moja, ndiyo maana wenye jina adimu huko mara nyingi hukutwa na Y inayofanana. Akina Smith hawana bahati hiyo: Smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Wewe mwanangu Y huna. Ya kwetu anayo kaka yako Saidi, na hata yeye akipima hatampata Mchopa kwa njia hiyo. Sababu unaijua, nimewaimbia tangu mko wadogo: damu haisomi cheti.

Ila kisa chenyewe sijawahi kukuhadithia chote.

Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Mwaka 1969 aliyenishika mkono kunipeleka darasa la kwanza ni mjomba Mchopa, kaka yake bibi yako, na ada alilipa yeye kwa korosho zake. Mwalimu akauliza, "Rashidi nani?" Mjomba akataja jina lake, tena kwa sauti. Sidhani alikuwa na hila. Au alikuwa nayo. Miaka yote hii nabishana na nafsi yangu juu ya lile jibu. Angeweza kusema Rashidi Saidi. Lakini aliulizwa mwenye mtoto, na mwenye mtoto alikuwa yeye.

Babu yako Saidi hakujua kusoma. Jioni moja akashika daftari langu, akaweka kidole juu ya jalada, akaniambia nisome. Nikasoma: "Rashidi Saidi, darasa la pili." Akatabasamu, akapitisha kiganja juu yake kama anayefuta vumbi, akanirudishia. Nilikuwa na miaka minane, na nilikwisha elewa kinachotakiwa kusomwa.

Mwisho wa mwaka 1975 majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalisomwa chini ya mwembe wa shule. Tulichaguliwa wawili tu. Mzee alikuja na kanzu yake ya Idi, akakaa kwenye gogo la mbele. "Rashidi Mchopa!" Vigelegele. Mjomba akarusha kofia juu. Babu yako hakutikisika; shingo kaitoa mbele, anasubiri Rashidi Saidi. Mwalimu akakunja karatasi. Mzee akainuka, akakung'uta kanzu, akanijia akanishika bega. "Usijali, baba. Mwakani utarudia."

Ikabidi nimweleze pale pale, watu wananivuta huku na huku kunipongeza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe." Basi. Hadi leo mtu akisema kumbe dukani, nageuka.

Kaka yako ana jina lake kwa sababu hiyo. Mzee alikuwa akimwita "somo yangu" mpaka anaingia kaburini, na la Mchopa hatukulizungumza tena.

Sasa huyo Richard wa Tatu wenu, mfalme wa zamani wa Uingereza, uliyenitumia picha ya maegesho ya magari hapo Leicester walikoifukua mifupa yake mwaka 2012. Mitokondria yake, yaani vinasaba vidogo vya pembeni vinavyopita kwa mama peke yake, ikaoana na ya wazao wa dada yake. Y yake ikakataa kuoana na ya wanaume wanaohesabiwa kuwa wa ukoo wake kwa upande wa baba. Yaani katika karne zile, mahali fulani, kuna baba aliyeandikwa ambaye siye. Na hao ni watu wenye nembo, mihuri na vitabu vya nasaba! Uzi uliofika bila kukatika ni wa mama. Nilicheka peke yangu kibarazani. Wazee wa Newala wangewaambia hivyo bure.

Lakini hapo ndipo ninapojikwaa. Mitokondria yangu ni ya bibi yako, na mjomba alikuwa na hiyo hiyo, maana wametoka tumbo moja. Kwa mama basi mimi ni wa Mchopa kweli; kwa baba siye. Damu haisomi cheti, sawa, ila hapa cheti kilibahatisha nusu. Hiyo nayo wewe hukuipata, umechukua ya mama yako na watu wake wa Mikindani. Wajukuu wa mjomba ndio unaoweza kuwapata: wazazi wa bibi yako ndio wazazi wa babu yao, kwa hiyo mnachangia wastani wa asilimia 3 hivi ya vinasaba. Mngekutana hata kama ungeitwa Zuhura Juma. Sharti nao wateme mate, na ninavyowajua wale, hawatumi mate yao popote.

La jina la mtoto sisemi. Mumeo ana jina lake, na kwao watakuwa na neno. Akiwa wa kiume, mimi ninge... hapana. Mstari mzima nilikwisha uandika hapa nikaufuta. Juzi tu, nikiwa peke yangu na bomba la salfa mgongoni, nililitamka lile ninalolitaka, kwa sauti, kama mwalimu chini ya mwembe. Linatamkika vizuri. Lakini sijasema kitu.

Jumapili ukipiga simu usianzie hapo. Mama yako atakuwa pembeni, na yeye ana majina yake matatu tayari.

Baba yako