Barua kwa mwanangu: mume wangu abaki hukohuko

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilimsikia mke mwenzangu tu, huyo mjukuu wangu wa wiki tano, ana koo la muadhini. Mara ya pili nikakusikia wewe. Mara ya tatu nikamsikia mume wangu, kaka yake, kwa mbali nyuma yako, anasema "mama nibebe, mama nibebe," nawe unaendelea kuongea na mimi. Nadhani hata hukumsikia. Sikulaumu. Mtu akishachoka masikio huanza kuchagua.

Swali lako lilikuwa hili: nikuletee huyu mkubwa akae na wewe Tanga mpaka mdogo afikishe miezi sita, au nitakuwa nimemkosea? Ukaongeza kwamba mama mkwe wako anasema hiyo ndiyo dawa, na kwamba hata wewe ulipelekwa kwa bibi ulipozaliwa mdogo wako, na hukufa.

Ni kweli hukufa. Lakini habari hiyo sijawahi kukuhadithia yote.

Wewe ulizaliwa Agosti 1995. Mdogo wako akaja Oktoba 1997. Ulikuwa na miaka miwili na miezi miwili, umri uleule alio nao mume wangu leo. Marehemu baba yako alikuwa dereva wa malori ya mkonge, usiku mmoja nyumbani, siku nne njiani. Mimi nesi wa zahanati, zamu za usiku nilizifanya mpaka tumbo likawa linagusa meza ya dawa. Nikasema, huyu apande Lushoto kwa bibi yake, mtoto akitoka arobaini namfuata. Mwisho wa Septemba nikakufungia magauni matatu na sweta kwenye kanga, mjomba wako akakubeba begani mpaka stendi. Ulikuwa unacheka, ulidhani nami napanda basi.

Mwaka ule ndio wa mvua za El Niño. Vuli ilianza na haikujua kukata. Barabara ya kupanda kutoka Mombo leo inapitika, kesho udongo umeshuka. Simu ya mkononi nani alikuwa nayo? Nilikuwa natuma salamu kwa makondakta, na sukari kilo mbili ambayo sijui kama ilikuwa inafika. Arobaini ikapita. Idi ikapita, mwisho wa Januari. Nilikufuata Februari, mdogo wako nimembeba mgongoni, miezi mitano kamili tangu uondoke.

Bibi yako alikutunza, Mungu amrehemu, hilo asije mtu akaligeuza. Mashavu yalikuwa yamejaa, unaongea Kisambaa kama umezaliwa nacho. Nilipoingia uani, matope hadi magotini, ulikuwa umekaa na bibi mnachambua maharage. Nikakuita jina. Ukainuka, ukajifuta mikono kwenye gauni, ukaja ukaniinamishia kichwa na kuniambia "shikamoo." Adabu zote. Halafu ukarudi kwenye maharage.

Nilitamani ulie. Nilitamani unipige, ukatae kuja, ujifiche nyuma ya bibi. Mtoto anayekupiga bado ana kesi na wewe. Wewe ulikuwa umeshafunga faili.

Ilipita masika nzima ndipo ukaanza kuniita mama bila kusahihishwa. Usiku ukishtuka ulikuwa unamwita bibi, nami nalala pembeni yako nasikiliza. Nimekuuliza mara nyingi, kwa kuzungukazunguka, kama unakumbuka kitu cha wakati ule, nawe husema unakumbuka moshi wa jikoni tu. Basi anayekumbuka ni mimi.

Usinielewe vibaya. Nusu ya barabara yetu hapa imelelewa na mabibi, na wapo waliotoka watu kuliko watoto wa mama zao. Mzazi anayefanya kazi mbali, au anayeumwa, hana pa kuchagua. Lakini kumwondoa mtoto wiki ileile anapoingia mwenzake ni hesabu ambayo hata wa miaka miwili anaijumlisha: amekuja huyu, nimetoka mimi.

Chuoni tulifundishwa kuhusu kwashakoo. Neno lenyewe ni la Kiga, lugha ya watu wa Accra. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto huko Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, ndiye aliyelichukua kwa wenyewe akaliandika kwenye jarida la tiba mwaka 1935. Waga walikuwa na maana yao: ugonjwa unaompata mtoto mwenzake anapozaliwa. Anaondolewa ziwani, anawekwa kwenye uji mweupe wa mahindi, miguu inavimba, nywele zinapauka, uso unasahau kucheka. Kwetu wakiona hivyo walisema mtoto amebemendwa, wakaanza kutafuta mkosaji kitandani kwa baba na mama, na mama wa watu akaona haya kumleta kliniki mpaka mtoto amekwisha. Nimepima watoto kwa mzani ule wa kuning'iniza miaka 30. Mama anakuja na wawili, anataka nimpime mdogo, na anayepungua ni yule aliyesimama kashika kanga yake.

Kwa hiyo kabla ya mengine: mume wangu anakula nini? Ulisema juzi amekunywa chai ya rangi na andazi akalala. Hiyo si chakula, hiyo ni mvuke. Mpe yai. Mchanganyie dagaa waliosagwa kwenye uji, mpondee maharage, parachichi hapo kwenu haliadimiki. Na umkalie akila, hata kama mdogo yuko ziwani. Kijiko kinashikwa kwa mkono mmoja.

Umeniambia pia anaomba ziwa, wewe uliyemlikiza kwa shubiri ulipojijua una mimba. Mpe aonje. Usishtuke, wala usimwambie mama mkwe wako. Mdogo anyonye kwanza ashibe, kisha huyo apate lake. Maziwa hayaharibiki kwa kuonjwa na ndugu. Wengi hugundua wamesahau kunyonya, wanakunja uso, wanashuka wanaenda kucheza. Alikuja kuangalia kama mlango una kufuli.

Anajikojolea tena, anaongea kitoto, anataka mbeleko na miguu inaburuza chini. Hayo yatapita, usiyahesabu.

La kumfinya mdogo ndilo lisilo na mzaha. Usiwaache wawili chumbani hata kwa muda wa kwenda kuepua sufuria. Ulipotoka Lushoto, wiki ya pili tu, nilitoka kuanika nepi, niliporudi nikakuta mdogo wako mashavu yamejaa na macho yamemtoka. Ulikuwa umemlisha muhogo wa kuchemsha. Mtoto wa miezi minne! Nilimlaza kifudifudi kwenye mkono, kichwa chini, nikampiga mgongoni mpaka kipande kikatoka. Nawe umesimama na sahani unashangaa. Hukuwa na ubaya wowote, ulimkaribisha mgeni chakula kama bibi alivyokufundisha. Na usiku mkubwa asilale ubavuni kwa mdogo. Atandikiwe godoro la pili na baba yake, na godoro hilo nalo liwe na chandarua chake.

Wageni je? Wanaingia na pakiti ya sabuni na nepi, wanamruka mtoto wa miaka miwili kama kizingiti, "yuko wapi mtoto?" Na yeye ni nani? Waambie mlangoni, tena bila aibu, aamkiwe huyu kwanza. Kama mwenyewe anataka kuwaonyesha mdogo wake, awashike mkono awapeleke. Jirani mmoja wa barabara ya pili alipokuja kuniona aliniletea kanga, nawe ungekuwepo ungepata embe, maana alikuja nalo mkononi akauliza mkubwa yuko wapi. Nikamwambia yuko Lushoto. Akaliweka embe mezani, hakusema neno. Lile embe nililiangalia siku tatu.

Sasa mumeo. Sheria ya kazi inampa baba likizo ya siku tatu, na azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Samaki wa kukaanga anadumu kuliko hivyo. Zake zimekwisha, lakini jioni anazo. Akirudi, usimpe mkubwa ili wewe ubaki na mdogo, kama mnavyofanya sasa. Geuzeni. Mdogo akishanyonya, baba amweke kifuani atembee naye uani, na wewe uingie bafuni na mume wangu, beseni, kopo na povu, umwogeshe taratibu kama zamani. Wa wiki tano akiwa ameshiba, ni mkavu na hana homa, hatajali sana yuko kifuani kwa nani kwa robo saa. Mwenzake anajali mpaka anakojoa kitandani.

Kila mtu atakwambia mdogo kwanza, mdogo hajiwezi. Mimi nasema mdogo akiwa salama aweza kulia dakika mbili umsikilize mkubwa, kisha umwambie mdogo kwa sauti, huyu mkubwa asikie: "Ngoja kidogo, namvalisha kaka viatu." Yeye amesikia "ngoja" mia tangu mwenzake aje. Na asikie mwingine akiambiwa.

Kuna neno moja ulilisema haraka, ukacheka. Kwamba mchana wakilia wote wawili unajifungia chooni nawe unalia. Wiki mbili za mwanzo karibu kila mzazi hulia, mimi nililia kwa sababu kuku wa supu aliungua. Wewe umefika ya tano. Sasa nijibu kama ninavyokuuliza, usinijibu kama mtu anayemridhisha mama yake: mdogo akilala, unalala? Chakula kinapita? Inakujia fikra ya kujidhuru au kuwadhuru wao? Hiyo ya mwisho ikikujia hata mara moja, usingoje siku ya kliniki, mwite mumeo muondoke saa hiyohiyo. Inaitwa sonona ya baada ya kujifungua, ni ugonjwa, una tiba, hauna uhusiano na imani wala uvivu. Na kama ni uchovu tu, wiki ijayo unampeleka mdogo chanjo ya wiki ya sita, Penta, ile ya nimonia, na matone ya polio na ya kuhara. Ukishapigiwa muhuri kadi usikimbilie daladala. Kaa na nesi umwambie kama ulivyoniambia mimi, ila usicheke. Ukicheka ataandika "mama mzima."

Hapohapo ulizia uzazi wa majira. Hukuniuliza, najua. Miaka miwili kabla ya mimba nyingine ndiyo tuliyokuwa tunawahubiria kina mama, na mimi mhubiri nilishindwa kuifikisha. Baadhi yao walikuwa wakimwangalia mdogo wako mgongoni kwangu, kisha wananiangalia mimi, wananyamaza kwa heshima.

Basi jibu ndilo hili: usimlete. Nakuja mimi.

Nitakaa wiki sita, nyanya zangu uani jirani atamwagilia. Mama mkwe wako nitampigia mwenyewe, asije akaona nimempindua, kwani arobaini nzima hiyo anaibeba yeye na mgongo ule. Kodi ya fremu ya cherehani isikunyime usingizi mwezi huu, nimekutumia kidogo kwenye simu kutoka kwenye pensheni, usianze kunirudishia. Nitakayekaa naye ni mke mwenzangu. Nitamshika, nitamwogesha, nitakuletea anyonye na kumchukua tena. Wewe chukua mkono wa mkubwa mwende dukani kununua chumvi, na njiani asimame kila penye jiwe na kila penye paka, msirudi mpaka mchoke. Hata kama chumvi ipo.

Nunua beseni la pili, kubwa. Kama kuna mwenye kitanda cha kamba asichokitumia, azima, godoro la chini na magoti yangu hayapatani. Naleta pilipili manga na iliki za Amani kwa ajili ya uji wako, na machungwa ya Muheza kama bado yapo sokoni.

Ijumaa napanda basi la alfajiri, mchana nitakuwa stendi ya Mbezi, Dar es Salaam. Baba yao aombe ruhusa ya muda wa saa mbili kazini aje kunipokea, na mume wangu aje naye. Asiambiwe anishike mkono wala aniamkie. Wewe usije, baki na mdogo, ukipata nafasi ulale.

Mama yako