Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha za Fashifashi

SWALI: Assalamu alaikum, mwalimu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari nilikwenda Maisara kutazama fashifashi (fataki) za sherehe za Mapinduzi, nikiwa na kamera niliyoazimwa na kaka yangu. Nilipiga picha 43 na hakuna hata moja iliyofaa: nyingine zina mabaka meupe matupu, nyingine zimetikisika mpaka taa za barabarani zinaonekana kama minyoo, na za mwisho zote ni moshi. Kamera niliiacha ijipangie yenyewe. Nifanye nini nisirudie makosa haya? – Msomaji, Kikwajuni, Unguja.

JIBU: Waalaikumu salamu, ndugu yangu. Kosa kubwa ni hilo ulilolitaja mwishoni, la kuiachia kamera ikuamulie. Kamera ikiliona anga jeusi hudhani mwanga ni haba, kwa hiyo huongeza wepesi wake wa kunasa nuru, yaani ISO, na kulipanua tundu la lenzi kadiri linavyoweza. Fataki inapopasuka mbele ya kamera iliyojiandaa kwa giza, rangi zote huungua zikawa nyeupe. Zungusha gurudumu la juu hadi M, yaani kujipangia mwenyewe, zima flashi, weka ISO 100 na tundu la f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo).

Liko jambo moja ambalo wanaoanza huchelewa kulielewa, nami naliona ndilo kiini cha kazi hii. Cheche ya fataki haitulii mahali pamoja. Hupita haraka juu ya kila sehemu ya picha, ikaacha alama, ikasonga mbele. Kwa hiyo kuiacha shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza nuru, wazi kwa sekunde 6 badala ya 2 hakuufanyi mchirizi ung'ae zaidi, bali huurefusha, na huruhusu mipasuko mingine iingie katika picha ile ile. Mng'ao wa mchirizi huamuliwa na tundu la lenzi pamoja na ISO. Ukitazama kioo ukaona katikati ya ua la fataki pamekuwa peupe, usihangaike na sekunde. Libane tundu hadi f/16. Michirizi ikiwa imefifia, lipanue hadi f/8. Usilibane kupita kiasi, kwani buluu, ambayo hutokana na misombo ya shaba, ni hafifu kuliko rangi nyingine, nayo ndiyo hutangulia kupotea.

Sasa jicho lako liwe chini, pale zinaporushiwa. Ukiuona mkia wa moto unapanda, fungua shata; ngoja upasuke, michirizi itawanyike, iiname na kuanza kufifia, kisha funga. Mara nyingi ni sekunde 3 hadi 5. Usiungoje mlio, kwa kuwa sauti husafiri kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde, na ukiwa umbali wa kilomita 1 utausikia sekunde 3 hivi baada ya mwanga, ua limekwisha kunyauka. Ukipata waya wa kufyatulia, tumia alama ya B, ambayo huiacha shata wazi muda wote unaoibana; usipoupata, weka sekunde 4 na ubonyeze kwa upole.

Hayo yote hayawezekani kamera ikiwa mkononi, hivyo tafuta tripodi, kile kigoda cha miguu mitatu cha kushikilia kamera, hata ya kuazima. Fokasi iweke kwa mkono, mapema, kwa kulenga taa ya mbali, kisha usiiguse tena. Zima pia kile kipengele cha kusafisha chembechembe katika picha zinazopigwa shata ikiwa wazi kwa muda mrefu, maana baada ya picha ya sekunde 5 kamera hukaa sekunde 5 nyingine ikijishughulisha, huku fataki nzuri zikikupita.

Ama kuhusu moshi, Januari ni msimu wa kaskazi. Simama upande ambao upepo unakupiga mgongoni, moshi uende mbali nawe, na picha zako bora zipige dakika za mwanzo, anga lingali safi.

SWALI: Mimi sina kamera, nina simu tu. Je, nijaribu? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Jaribu, ndugu yangu, ila kumbuka kwamba tundu la lenzi la simu nyingi ni pana na halibadiliki, kwa hiyo michirizi huungua upesi. Zima hali ya usiku na flashi. Fataki ya kwanza ikipasuka, gusa kioo pale ilipo na ushikilie mpaka simu ijifunge hapo, kisha ishushe alama ya jua hadi anga liwe jeusi kabisa na rangi zionekane. Usivute picha karibu, utaikata baadaye. Iegemeze simu ukutani, na kama ina tundu la waya wa sikioni, chomeka waya huo upigie kwa kitufe chake cha sauti, kwani katika simu nyingi hufanya kazi ya shata bila kidole chako kuitikisa.