Mustang ya 1966: nyuzi zinalegea na kugonga

Ndugu, unasema gitaa lako la umeme, Fender Mustang ya 1966, linagongagonga na nyuzi zimelegea. Usiguse freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) kwanza! Nyuzi zake ni fupi: kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani (pale nyuzi zinapokalia mwilini) nyingi zina inchi 24 badala ya 25.5 za Stratocaster, gitaa jingine la Fender, hivyo seti ya 09 (uzi mwembamba kuliko yote una unene wa inchi 0.009) hucheza kama kamba ya kuanikia nguo. Funga za 11, ambazo ni nene zaidi, tyuni, ndipo uangalie kama shingo imepinda. Skrubu ya kuirekebisha iko kisiginoni, shingo inapoungana na mwili, huifikii hadi uing'oe shingo (kero kweli). Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza na uupige, halafu ubonyeze hapohapo uupige tena. Ukibonyeza sauti ikawa juu kuliko ile ya kwanza, rudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi darajani. Daraja likiyumba usilikaze, limeundwa hivyo.